Kununua Shamba Wakati wa Vita: Mhadhara kwa Mashirika ya Parokia, Goma

Tumsifu Yesu Kristo. Akina baba, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, ingieni mkae hata chini, kwa maana sitaki mtu aondoke kabla sijafika kwa Yeremia.

Ninalolisema leo nimelisema katika mashirika mengi ya mji huu, na nitaendelea kulisema mpaka litakapoanza kufanyika majumbani: imani hujengwa kwa jambo dogo linalofanyika kila siku kwa saa ileile. Siupingi mkesha, nami huuhudhuria. Lakini nimewaona watu wakitoka mkeshani alfajiri, sauti zimekauka kwa kuimba, na kabla ya saa nne wamekwisha kukata tamaa katika soko la Virunga kwa sababu bei ya makala imepanda. Imani gani hiyo isiyofika hata saa nne?

Tarehe 17 Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mawe ya moto yakaingia mjini mwetu, mnaikumbuka, kwa hiyo sitaieleza zaidi. Nataka niwaonyeshe mwanamke mmoja tu. Tulikuwa tumerudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, tulikokimbilia, na mawe yalikuwa bado na joto hata sapatu zikilainika miguuni. Nyumba ya mama huyo ilikuwa imefunikwa, kilichoonekana ni ncha ya bati moja. Nilimkuta amebeba beseni la udongo kichwani. Alitembea juu ya mawe yale akiinama na kuyagusa kwa kiganja, kama mzazi anayempima mtoto homa, mpaka akapata mahali palipopoa, penye kishimo. Akaumwaga udongo, akausawazisha kwa mkono, akarudi kuchukua mwingine. Siku ile nilimhesabia safari kumi na moja. Katika kila safari alikuwa akisali Baba Yetu kwa sauti ya chini, bila haraka, na sala ilikuwa ikimwishia karibu mahali palepale, kwenye kona ya ukuta ulioungua, hata nikafahamu kwamba kwa sala ile alikuwa akiupima mwendo wake. Nilimwuliza, “Mama, unapanda nini juu ya volkano?” Akanijibu bila kusimama: “Lenga-lenga, mwanangu. Maharage yatakuja kisha.” Akamimina maji kidogo kutoka katika bidoni, akayafunika kwa kipande cha gunia ili jua lisiyanywe yote. Baada ya wiki nne hivi aliwagawia majirani mboga, na ya kwanza aliipeleka kwa mjane aliyekuwa amempoteza kijana wake.

Najua kuna atakayesema kwamba mama yule alikuwa na njaa tu, na kwamba ninaipamba njaa yake kwa maneno ya dini. Njaa tulikuwa nayo sote, ndugu yangu. Wengi wetu tulikaa juu ya mawe tukingoja lori la msaada, na hatukuwa na neno ila kuuliza nani amelaaniwa na kwa kosa gani. Yeye alisali sala ileile tuliyoijua sote, ile inayoomba riziki ya leo na haiombi ya mwaka mzima, kisha akafanya kazi inayolingana na sala yake. Hata mana ya jangwani, katika kitabu cha Kutoka, iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, na waliojaribu kuilimbikiza waliikuta imeingia mabuu.

Wengine huniambia, na hawa nawaheshimu zaidi: “Mwalimu, volkano hupita, lakini vita vyetu havipiti, utatuambiaje tutumaini?” Basi tufungue Yeremia, sura ya 32. Mji wa Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli. Nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na kosa lake ni kusema wazi kwamba mji utaanguka. Hanameli, mwana wa ndugu ya baba yake, anamjia akitaka kumwuzia shamba lililoko Anathothi, yaani nje ya kuta, upande uliokwisha kukanyagwa na adui. Hebu niambieni, ni nani kati yenu angenunua parseli ya namna hiyo? Yeremia aliinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia sahihi, akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati zote mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nawasihi mtazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo tunapopotoshwa na wahubiri wanaomwahidi mama mwenye madeni kwamba kufikia Ijumaa yote yatakuwa yamekwisha. Yeremia hakusema kwamba adui ataondoka kesho; alisema ataingia, naye akaingia. Matumaini yake hayakuhitaji uongo. Aliiamini habari mbaya, akaamini pia kwamba Mungu ana neno la kusema baada yake, kisha akalipia imani hiyo kwa fedha iliyopimwa mizanini, mbele ya watu. Kwa hiyo mkiniuliza namna nyepesi ya kutumaini, nawajibu: fanya leo jambo moja ambalo halina maana isipokuwa kama kesho ipo. Panda mparachichi. Mlipie mtoto daftari. Rudisha ulichokopa, hata kama ni nusu yake. Nalo lipe saa yake.

Tena mfano mwingine tunao hapa hapa, wala hatuna haja ya kuutafuta mbali. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Aliletewa chakula kilichooza, akashawishiwa kwa hongo ili kipite, akakataa, na mwezi Julai 2007 aliuawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, na wengi wenu mlipiga vigelegele. Lakini mimi nauliza: moyo wa kukataa siku ile aliupata wapi? Kijana huyu alikuwa na desturi ya kukaa na maibobo wetu, watoto wa barabarani, akawasaidia wapate kusoma na kula. Anayemfahamu kwa jina mtoto atakayekila chakula kile, ataruhusuje kipite?

Juu ya kusameheana nilikuwa nimeandaa mengi, lakini naona jua linashuka, na wenzetu wa Ndosho wanatakiwa kufika kwao kabla ya giza, tutalirudia. Juu ya simu nasema hili moja: asubuhi, kabla ya kuifungua na kupokea uvumi wa usiku kucha, soma Maombolezo 3, aya ya 22 na ya 23, panaposemwa kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Aya hizo zimekaa katikati ya kitabu cha kilio, kitabu cha mji uliobomolewa, wala hazikuandikwa na mtu aliyeshiba.

Na usiku huu, kabla ya kugusa bugali, kila mmoja mezani ataje jambo moja jema aliloliona leo kwa macho yake. Atakayesema hakuliona, msimkemee, mwacheni ale, mtamwuliza tena kesho. Anzeni na mtoto mdogo kuliko wote, baba awe wa mwisho.