Kuthibitisha Uhalisi na Uadimu wa Gari la Kale

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na tangazo ambalo kila anayefuatilia magari ya kale ameshakutana nalo kwa sura moja au nyingine: "Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, namba zote zinaoana, moja pekee duniani kwa rangi hii." Sentensi ni fupi, lakini imebeba madai matatu. La kwanza, gari lilitoka kiwandani likiwa Z/28, yaani Camaro ya toleo la kasi, si ya kawaida. La pili, injini, gia boksi na difu ni vilevile vilivyofungwa siku hiyo. La tatu, hakuna jingine kama hilo. Kila dai lina ushahidi wake, na muuzaji anaweza kusema kweli kwa mawili akakosea au akadanganya kwa la tatu. Hasara nyingi huanzia hapo: mnunuzi huona dai moja limethibitika, akameza na yale mengine.

Nitakaa sana kwenye hiyo Camaro, kwa sababu ni gari linalofundisha vizuri. Ukiweza kulikagua hilo, mengine utayakagua kwa mantiki ileile.

Namba ya chasisi kwanza. Mfumo wa tarakimu na herufi 17 ulianza Marekani kwa magari ya modeli ya 1981. Herufi I, O na Q hazitumiki ndani yake, na nafasi ya 9 ni ya ukaguzi: hukokotolewa kutokana na nyingine zote, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hujifichua yenyewe. Kabla ya 1981 kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na kinga hiyo haikuwepo. Camaro kupe ya V8 iliyoundwa Norwood, Ohio, mwaka 1969 huanza na 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni kupe, 9 ni mwaka, N ni Norwood. Someni tena: hakuna palipoandikwa Z/28. Namba ya Z/28 na namba ya Camaro ya kawaida ya V8 huanza sawasawa. Kwa Plymouth mambo ni tofauti. Herufi ya tano inataja injini, kwa hiyo BS23R0B ni 'Cuda (toleo la kasi la Plymouth Barracuda) ya 1970 yenye injini ya Hemi 426, kwa sababu ya ile R. Anayetaka kughushi 'Cuda ya Hemi analazimika kugusa namba yenyewe, na huko Marekani hilo ni kosa chini ya sheria ya shirikisho. Anayetaka kughushi Z/28 hahitaji kugusa namba hata moja. Mistari ya rangi, beji na bonneti vinamtosha. Ndiyo maana Z/28 za kuigiza ni nyingi.

Basi tunatafuta nini? Kuna kibati cha bodi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari ya Norwood kuanzia Desemba 1968 hivi yana alama ya X kwenye kibati hicho: X77 ni Z/28 ya kawaida, X33 ni Z/28 yenye mapambo ya ziada ya nje. Magari ya kabla ya hapo hayana alama hiyo, na yaliyotoka kiwanda cha Los Angeles hayana kabisa. Kwa hiyo kukosekana kwa X hakuthibitishi lolote. Na kuwepo kwake si mwisho wa habari, kwa sababu vibati vipya vinatengenezwa na kuuzwa. Angalieni ripiti zinazokishikilia, rangi inavyopita juu yake, na kama ukutani kuna matundu ya zamani yaliyozibwa. Kibati cha namba ya chasisi kiko juu ya dashibodi upande wa dereva, kimefungwa kwa ripiti zenye kichwa cha petali sita. Ripiti ya duara ya dukani ni sababu ya kusimamisha mazungumzo.

Halafu kuna namba zilizofichwa. Kwenye Camaro ya 1969 sehemu ya namba ya chasisi iligongwa moja kwa moja kwenye bati la bodi mara mbili: chini ya boksi la hita kwenye ukuta wa injini, na chini ya paneli ya matundu ya hewa mbele ya kioo, upande wa abiria. Kuifikia ya pili ni kufungua wipa na paneli, kazi ya spana na uvumilivu. Muuzaji akikataa paneli ifunguliwe, bei anayotaka haina msingi. Anayebadilisha kibati cha dashibodi mara nyingi husahau namba hizi, au huchomelea kipande cha bati kutoka gari jingine, na mshono wa kuchomelea huonekana kwa ndani hata kama kwa nje umefunikwa puti na rangi.

Baada ya namba, lisomeni gari lenyewe. Z/28 ya 1969 iliuzwa na gia za mkono nne tu, breki za diski mbele, na difu ya boliti 12. Haikuuzwa na gia za otomatiki wala kiyoyozi. Kwa hiyo mtu anayekagua huanza na yale yasiyotakiwa kuwepo: matundu ya mabomba ya kiyoyozi yaliyozibwa kwenye ukuta wa injini, au pedali ya klachi iliyoongezwa baadaye. Gari lenye kovu la kiyoyozi halikuzaliwa Z/28, hata likiwa na folda nzima ya karatasi.

Sasa injini, na hapa naomba tusogee karibu. Mbele ya silinda hedi ya upande wa kulia, bloku ina kijukwaa kidogo bapa kilichogongwa namba. Z/28 halisi itaonyesha kitu kama V0122DZ: V ni kiwanda cha Flint, 0122 ni tarehe 22 Januari, DZ ni injini ya 302 (ujazo wake kwa inchi) ya Z/28 ya 1969. Pembeni yake kuna sehemu ya namba ya chasisi, ikianza na 19N. Jambo ambalo waghushi wengi hawalijui ni hili: namba hizo mbili hazikugongwa mahali pamoja. Ile ya V na DZ iligongwa kiwanda cha injini. Ile ya chasisi iligongwa kiwanda cha kuunganisha gari, kwa vifaa vingine na mikono mingine. Kwa hiyo hutarajiwa kutofautiana kidogo kwa kina, ukubwa wa herufi au mwelekeo. Mkiona zote zina kina kimoja, herufi za aina moja na mstari mmoja ulionyooka kama rula, shukuni.

Pitisheni kioo cha kukuzia na tochi iliyolazwa ubavuni. Uso wa kijukwaa una michirizi myembamba iliyonyooka iliyoachwa na mashine ya kiwandani, ikienda kutoka mbele ya injini kuelekea nyuma. Michirizi hiyo inatakiwa kupita kati ya herufi na kukatwa nazo, kwa sababu mashine ilipita kabla ya kugonga. Msasa huacha mikwaruzo ya duara au ya kila upande. Uso laini unaong'aa bila michirizi maana yake chuma kimeondolewa. Hapo tuwe waadilifu: fundi anayerekebisha injini huweza kupunguza uso wa bloku ili silinda hedi ikae vizuri, na kukata robo milimita tu kunaweza kufuta michirizi na namba pamoja. Bloku isiyo na namba inaweza kuwa ya haki kabisa. Isiyo na michirizi lakini yenye namba zinazosomeka vizuri sana ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kilichofuta michirizi kilipaswa kufuta na namba.

Msichanganye namba ya kugongwa na namba ya kalibu. Ya kalibu imeinuka juu ya chuma, imetokana na bloku kusubiwa. Bloku 3970010 ilitumika kwenye 302 za 1969, lakini pia kwenye injini za kawaida za 350 kwa miaka mingi baadaye. Muuzaji anayeonyesha 3970010 kama ushahidi ameonyesha tu kwamba bloku si ya aina isiyowezekana. Tarehe ya kusubiwa nayo iko hapo: A 15 9 ni 15 Januari, mwaka unaoishia na 9. Unaweza kuwa 1969, na unaweza kuwa 1979.

Tarehe ndizo mashahidi wagumu kuhonga, kwa sababu lazima zifuatane. Bloku husubiwa kwanza, injini huunganishwa baadaye, gari hukamilika mwisho. Bloku ya Januari 15, injini ya Januari 22, na kibati cha bodi kinachosema 02B, yaani wiki ya pili ya Februari: mfuatano huo unakubalika. Injini ya Machi ndani ya gari la Februari haikutoka nalo kiwandani. Fanyeni hivyo kwa kila kipande chenye tarehe: silinda hedi, manifodi, alteneta, gia boksi, difu, hata vioo vya madirisha. Andikeni orodha ya tarehe zote kwenye karatasi moja, kutoka ya mwanzo hadi ya mwisho. Kosa litajitokeza lenyewe.

Karatasi nitazipitia kwa haraka, kwa sababu watu huzipa uzito kuliko chuma. Kwa Ford kuanzia 1967 bahati ni nzuri: kampuni ya Marti Auto Works inatoa ripoti kutoka kumbukumbu za Ford zenyewe. Pontiac wana Pontiac Historic Services. Jaguar na Mercedes-Benz hutoa vyeti kutoka nyaraka zao. Chevrolet wa Marekani wa miaka hiyo hawana hazina ya namna hiyo, ingawa General Motors ya Kanada ina kumbukumbu za magari yaliyouzwa Kanada. Kwa Camaro mtategemea karatasi za gari lenyewe: karatasi ya uundaji, ambayo wakati mwingine hukutwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti, na kile kibati cha alumini cha dhamana kiitwacho Protect-O-Plate. Vyote vinaghushiwa. Mashine ya taipu huacha mbonyeo kwenye karatasi. Printa ya kisasa huacha vitone vya rangi. Kuhusu taa ya urujuani (UV), kosa moja hurudiwa sana: karatasi iking'aa samawati, watu husema ni mpya. Kemikali za kung'arisha karatasi zimetumika tangu miaka ya 1950, kwa hiyo kwa hati ya 1969 mng'ao hauamui chochote. Kwa hati ya 1935, unaamua.

Tuje kwenye uadimu. Swali la kwanza ni "moja kati ya ngapi, na za nini?" Z/28 za 1969 zilikuwa 20,302. Si gari adimu, ni gari zuri. ZL1 ya mwaka huohuo, yenye injini ya alumini ya 427, zilikuwa 69. Hilo ni adimu kweli. Lakini "moja pekee" hutengenezwa kirahisi. Chukueni rangi 15 na vifaa 11 ambavyo mteja aliweza kuchagua au kuacha. Mchanganyiko unaowezekana ni 15 mara 2,048, yaani 30,720, zaidi ya Z/28 zote zilizoundwa. Kila gari linaweza kuwa la pekee mkiendelea kulikata vipande: rangi fulani, redio fulani, saa kwenye dashibodi. Uadimu wenye maana ni ule wa kitu kinachobadilisha gari lenyewe, kama injini, bodi au uzito. Redio haibadilishi kitu. Na idadi iliyoundwa si idadi iliyobaki, kwa hiyo muuzaji akitaja namba mwulizeni anataja ipi.

Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 inaonyesha hesabu iliyo wazi. Jumla ni 1,580: 1,308 za M472 zenye mapambo kamili, 200 za M471 nyepesi, 55 za mashindano, na 17 za awali. Tofauti ya bei kati ya M472 na M471 ni kubwa, na kuibadilisha ya kwanza ifanane na ya pili ni kazi ya kuondoa mapambo na kubadili viti. Hivyo kinachotafutwa ni hati ya kiwandani inayotaja M471, pamoja na injini ya aina 911/83. Nissan Skyline nayo ina mtego wake: kupe ya kawaida ni KGC10, GT-R, toleo la kasi, ni KPGC10. Herufi P moja tu. GT-R inabeba injini ya S20 yenye kemshafti mbili na valvu 24. L20 ya kupe ya kawaida ina kemshafti moja. Fungueni bonneti kabla ya kusoma beji.

Muda wa maswali umefika, na swali lililoletwa kwa maandishi ni hili: injini iliyobadilishwa chini ya dhamana inahesabiwaje? Chevrolet waligonga CE kwenye injini za kubadilishia, ikifuatiwa na tarakimu ya mwaka. Bloku hiyo haitakuwa na DZ, na haitalingana na chasisi. Ni injini ya haki yenye historia ya haki, lakini si ile iliyozaliwa na gari, na bei yake lazima iseme hivyo. Msikubali maneno "namba zinaoana" kwenye mkataba wa gari la namna hiyo. Andikeni herufi kwa herufi kile kilichogongwa kwenye bloku, ambatisheni picha ya kijukwaa na ya namba zilizofichwa, kisha muuzaji atie sahihi chini ya kila picha kabla fedha haijahama.