Sare ya Harusi na Lenzi ya Mama

ZUWENA: Kabla ya yote, Juma, lile gauni la mama limeishia wapi?

JUMA: Kabatini. Wasikilizaji, harusi ya Jumamosi sare ilikuwa bluu iliyokoza. Mama kaenda Kariakoo mwenyewe, kachagua kitambaa, kashonesha. Tunashuka ukumbini: nyeusi tii!

ZUWENA: Kaja msibani.

JUMA: Mjumbe mmoja wa kamati akampa pole. Mama akadhani ni ya foleni, akajibu, "Asante, tumeshapoa."

ZUWENA: (anacheka) Jamani! Bwana harusi alisikia?

JUMA: Alikuwa pembeni! Haya, ngoja nifike kwenye mada: lenzi ya jicho inavyozeeka. Nina mambo matatu.

ZUWENA: Kwanza rambirambi zilifika shilingi ngapi?

JUMA: Zuwena! Lenzi ya jicho imejaa protini zinazoitwa kristalini. Ngozi inajibandua, inaota mpya. Lenzi haina hiyo. Kristalini za katikati zilitengenezwa mtu akiwa bado tumboni. Mama ana miaka 74, nazo zina 74 na ushee.

ZUWENA: Zimekula chumvi kuliko yeye.

JUMA: Na hazitengenezeki, maana seli za humo zilishaondoa viini vyake ili mwanga upite. Sasa kuna kinga iitwayo glutathioni. Umri ukienda, inapungua hapo katikati. Oksijeni na miale ya jua zinapata upenyo, protini zinang'ang'aniana, zinafanya ukungu kama ute wa yai ukiiva. Ukizidi, ndiyo mtoto wa jicho. Tena lenzi inageuka manjano, mwisho kahawia, na manjano hiyo inameza mwanga wa bluu. Kwa mama, bluu iliyokoza na nyeusi ni pacha.

ZUWENA: Basi hakukosea.

JUMA: Alikosea! Muuzaji alimwambia, "Mama, hiyo nyeusi," akabisha.

ZUWENA: Na wewe una 46. Lenzi yako nayo imeshaanza manjano. Bluu yako umeithibitisha wapi?

JUMA: Kitambaa ni cheusi, Zuwena.

ZUWENA: Kwa macho yako. Mchoraji Claude Monet alitolewa lenzi ya jicho la kulia mwaka 1923, rangi zikambadilikia. Monet yupi alikuwa anaona sawasawa?

JUMA: Wa baada ya upasuaji.

ZUWENA: Mbona alilalamika kwamba rangi zimemharibikia?

JUMA: Alikuwa hajazoea.

ZUWENA: Wewe ndiye umezoea ya kwako.

JUMA: Ukumbi mzima uliona nyeusi!

ZUWENA: Ukumbi mzima wa watu wa miaka thelathini. Tunachagua rangi kwa kura?

JUMA: Sikubali.

ZUWENA: Usikubali. Fundi mitambo ananionyesha saa.

JUMA: Jamani, yale mambo matatu yanayoharibu lenzi! Sukari, sigara, na jua...

ZUWENA: Wiki ijayo. Mama atalivaa tena lini?

JUMA: Kuna arobaini mwezi ujao.

ZUWENA: Huko je, sare gani?

JUMA: Nyeupe.