Maji Haya Yalinyesha Wapi? Kuwaandikia Watoto Habari za Mito na Mafuriko

Mwenyekiti, walimu wenzangu, waandishi na wahariri mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie vifungu vya kusoma darasani vinavyohusu mito na mafuriko. Kabla sijasema lolote, naomba niwasomee kifungu kimoja. Sikukitoa katika kitabu cha mtu yeyote, nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya leo, ila naamini mtakitambua.

"Siku moja mvua kubwa ilinyesha. Mto ulifurika. Nyumba zilibomoka, mifugo ilisombwa na watu walipoteza mali zao. Misaada ililetwa. Mafuriko ni mabaya sana. Tusikate miti ovyo. Swali la kwanza: Mafuriko ni nini? Swali la pili: Taja madhara manne ya mafuriko."

Naona mnacheka. Basi mmeshakutana nacho, na huenda wengine wenu mmekisahihisha mara nyingi kuliko mnavyotaka kukumbuka. Sarufi yake haina kasoro, na kila sentensi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mtoto akimaliza kukisoma hajui kitu ambacho hakukijua kabla. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kitabu kimwambie kwamba nyumba ikibomoka ni hasara. Asichokijua ni maji yale yalikotoka, kwa nini yalifika usiku ilhali mvua ilikatika mchana, kwa nini nyumba ya upande huu ilikwenda na ya upande ule ikasalia, na kama kulikuwa na dalili yoyote ambayo yeye angeweza kuiona. Kifungu kimenyamaza pale pale penye elimu.

Ninachokuja kuwaambia ni hiki: mafuriko yaandikwe kama sehemu ya maisha ya mto. Tukiyaandika kama balaa lililoshuka siku moja na kuondoka, tunamwachia mtoto hofu bila maarifa.

Tuanze na mto wenyewe. Mwambie mtoto achore mto, atachora mstari wa buluu. Hiyo ndiyo picha tuliyompa. Lakini mto ni zaidi ya huo mstari. Mto ni nchi yote ambayo mvua yake hatimaye huishia humo: vilima, mashamba, paa za nyumba, barabara, vijito visivyo na jina. Bonde la Amazon lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 7, na tone likidondoka kwenye ukingo wa mbali kabisa wa bonde hilo, tayari limo katika safari ya mto. Kifungu kinachoanza mtoni kimeanza katikati ya hadithi. Kianze juu, kwenye mvua, kifuate maji yanavyoshuka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mto Okavango. Mvua hunyesha katika nyanda za juu za Angola, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Nchi ile ni tambarare mno, kwa hiyo maji hutembea taratibu kwa miezi kadhaa. Kilele cha mafuriko hufika kwenye delta, yaani pale mto unapogawanyika na kutanda, huko Botswana, kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo kule ni kiangazi kikavu na mbingu ni nyeupe. Tena mto wenyewe haufiki baharini kabisa. Unaishia katika mchanga wa jangwa la Kalahari. Mpe mtoto habari hiyo halafu umuulize: mafuriko haya yalinyesha wapi? Hapo ameshaanza kufikiri kama mtaalamu wa mito.

Na jambo hilo halimhusu mtoto wa Botswana peke yake. Katika korongo lenye mteremko mkali mambo huwa yale yale, ila kinachochukua miezi Okavango huko huchukua saa moja au mbili. Mtoto anacheza kwenye mchanga mkavu, jua linawaka, na juu milimani imenyesha. Akiwa amefundishwa kwamba mafuriko huja na mvua, hana sababu yoyote ya kutoka pale. Ndiyo maana nasema kile kifungu cha "siku moja mvua kubwa ilinyesha, mto ulifurika" si kifungu dhaifu tu. Kinaweza kumdanganya mtoto.

Mito mingine ina tabia ambazo mwandishi hana haja hata ya kuzipamba. Kongo huvuka mstari wa ikweta mara mbili, kwa hiyo karibu wakati wote kuna sehemu ya bonde lake ambayo iko katika msimu wa mvua, na maji yake hayapandi na kushuka sana kama ya mito mingine. Huko Kambodia, mto Mekong ukijaa, mto Tonlé Sap unaoingia humo hugeuka na kutiririka kinyume, kurudi katika ziwa unakotoka, na ziwa hilo likapanuka mara kadhaa. Mto unaorudi ulikotoka! Sijui mwandishi anayeogopa kwamba sayansi itawachosha watoto anaogopa nini.

Sasa niwasomee kifungu cha pili. Nacho nimekitunga mimi.

"Mvua ilikatika saa nane mchana. Jua likatoka. Watoto wakataka kushuka mtoni. Babu akawaambia wangoje. Akanyoosha mkono kuelekea milimani. Kule wingu lilikuwa bado zito na jeusi. 'Mvua ya kule haijafika hapa,' alisema. Watoto wakautazama mto wakiwa juu ya kilima. Asubuhi maji yalikuwa maangavu, kokoto zilionekana chini. Sasa yalikuwa na rangi ya udongo. Vijiti na majani makavu vilipita katikati kwa kasi. Jiwe walilozoea kulikalia lilikuwa limebaki ncha tu. Walipogeuka kwenda nyumbani, ncha nayo ilikuwa haionekani."

Hakuna aliyekufa humo, hakuna misaada, na neno mafuriko halikutajwa. Lakini dalili zimo: wingu upande wa juu wa mto, maji kubadilika rangi, takataka kuelea katikati ya mkondo, na alama isiyosogea, lile jiwe, inayoonyesha kina kinavyopanda. Maswali nayo yanabadilika. Kwa nini Babu alitazama milimani badala ya kutazama mto? Maji yalipata wapi ile rangi? Katika mahali unapopafahamu, ni kitu gani kingeweza kufanya kazi ya lile jiwe? Jibu la swali la mwisho haliko kitabuni, na mwalimu mwenyewe huenda halijui mpaka watoto wamwambie.

Natoa tahadhari moja hapa, kwa sababu najua kuna atakayefurahia wazo hili kupita kiasi. Hatumfanyi mtoto mlinzi wa mto. Si kila mafuriko hutanguliza dalili, na mengi huja usiku. Anachopaswa kukifanya akiona dalili ni vitu viwili, apande sehemu ya juu na amwambie mtu mzima. Ndiyo maana katika kifungu changu watoto wako juu ya kilima. Msimchore wala kumwandika mtoto akiwa amesimama ukingoni kupima maji.

Kwamba mtoto anaweza kuzitambua dalili, ushahidi upo, ingawa si wa mto bali wa bahari. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya ile tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yaliyozipiga pwani za Bahari ya Hindi, Tilly Smith, msichana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 10, alikuwa ufukweni Phuket, Thailand, na wazazi wake. Aliona bahari inatoa povu na kuchemkachemka kwa namna ambayo alikuwa amefundishwa darasani, katika somo la jiografia, wiki chache tu kabla. Akasisitiza mpaka watu wakaondoka ufukweni, na karibu watu mia moja wakaokoka. Angalieni alichokikumbuka. Orodha ya madhara manne ya tsunami isingemsaidia kitu siku ile. Alikumbuka jinsi maji yanavyoonekana muda mfupi kabla.

Nije kwenye tarakimu. Waandishi wa watoto huzikwepa, na wakiziweka basi ni idadi ya waliokufa. Mimi nataka tarakimu ambazo mtoto anaweza kuzishika. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili ya maji. Chukua paa la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Ikinyesha milimita 20, paa hilo peke yake limepokea lita 960, yaani ndoo 48 za lita 20, karibu tani nzima. Sasa waulize watoto: ndoo hizo 48 zimekwenda wapi? Watoke nje waufuate mfereji mpaka wasipoweza kuuona tena. Kipindi kimoja hakitatosha, nawaonya mapema.

Tarakimu nyingine ni za usalama, na hizi ningependa ziwe katika kila kitabu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani ya kufika kifundoni na kupita kidogo, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuielesha na kuisogeza gari ndogo. Watoto hawaamini mpaka uwaeleze kwamba mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kwamba mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne.

Kuhusu ile sentensi ya miti. Najua nitawaudhi baadhi yenu, lakini siipendi inavyotumika. Ni kweli mizizi na majani yaliyooza husaidia udongo kunywa maji, na mlima ulio mtupu humwaga maji na tope kwa kasi. Lakini udongo ukishashiba mvua ya wiki nzima, hata msitu haupokei tena. Na kuna mengine ambayo kifungu hakiyasemi: saruji na lami zisizopitisha maji, mitaro iliyoziba, daraja jembamba linalonasa magogo, na nyumba zilizojengwa pale ambapo mto hupanuka ukijaa. Kisha tunamwambia nani asikate miti? Mtoto ambaye hana shoka. Mpeni badala yake sifongo mbili, moja kavu na moja iliyolowa. Amimine kikombe cha maji juu ya kila moja, atazame. Hapo ataelewa kwa nini mvua ya siku ya saba, hata ikiwa ndogo, huleta madhara ambayo ile kubwa ya siku ya kwanza haikuyaleta.

Lipo swali ambalo watoto huliuliza na vitabu havilijibu: kama ni hatari, kwa nini watu wanakaa pale? Wengine hawana pengine pa kwenda, na hilo lisemwe. Lakini pia uwanda wa mto ni ardhi tambarare yenye rutuba, na rutuba hiyo ililetwa na mafuriko yenyewe. Misri ya kale iliishi kwa mafuriko ya kila mwaka ya Naili, yaliyobeba tope kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, ipo nguzo yenye alama iliyojengwa mwaka 861 ndani ya kisima kilichounganishwa na mto, kazi yake kupima maji yalivyopanda. Karne nyingi kabla ya nguzo hiyo, Warumi waliandika kwamba maji yakipanda dhiraa 12 (dhiraa ni urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole) ilimaanisha njaa, 14 furaha, na 16 neema tupu. Yakizidi sana yaliharibu, lakini yakipungua watu walilala na njaa. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko yale yalikoma. Nchi ikapata umeme na maji ya uhakika. Tope likabaki nyuma ya bwawa, wakulima wakategemea zaidi mbolea za viwandani, na delta ikazidi kuliwa na bahari. Mtoto wa darasa la tano anaweza kubeba mawazo hayo mawili kwa pamoja. Tusimchagulie moja.

Uholanzi nayo inafaa kwa kifungu kifupi. Mwaka 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa kwa hofu kwamba kingo za mito, yaani matuta yaliyojengwa kuzuia maji, zingepasuka. Baadaye, badala ya kuendelea kuinua kingo tu, waliufuata mpango wa kuupa mto nafasi: katika sehemu zaidi ya 30 kingo zilisogezwa nyuma, au ardhi ya pembeni ikachimbwa ishuke, ili maji yapate pa kutanda.

Mwisho, darasani wamo watoto ambao maji yamewahi kuingia chumbani mwao. Kifungu cha mafuriko kisisomwe siku ambayo mvua inagonga bati. Mtoto asilazimishwe kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake ili kuchangamsha somo. Akitaka kuchora, achore, na akitaka kunyamaza, anyamaze. Na kama hadithi ina mafuriko, isikatike maji yakiwa bado ndani. Iende mpaka watu wanakwangua tope sakafuni, wanachemsha maji ya kunywa, wanatafuta daftari. Kazi ile ya kusafisha huchukua muda mrefu kuliko mafuriko yenyewe, nayo vitabu huiruka.

Kwa wachoraji nina ombi dogo: maji ya mafuriko yasiwe ya buluu. Yapakeni rangi ya udongo, wekeni mshale unaoonyesha yanakoelekea, na angalau picha moja ionyeshe mto kutoka juu, na vijito vyake vyote mpaka vilimani. Mchana tutagawanyika katika makundi. Kila kundi lichague kifungu kimoja kutoka vitabu mlivyokuja navyo, lifute sentensi ya kwanza, na lianze upya kule ambako mvua ilinyesha. Sasa nipo tayari kwa maswali.