Kila Mtego Una Dari Yake: Mhadhara kwa Mafundi Chipukizi wa Nakuru

Hamjambo nyote. Nawashukuru walimu wa chuo kwa mwaliko huu, na nawashukuru ninyi wanafunzi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza fizikia.

Kuna sheria mnayoijua tangu shuleni: kawi haiumbwi wala haiangamii, hubadilika umbo tu. Mliikariri mpite mtihani. Leo naomba muitie mkobani pamoja na bisibisi na koleo, kwa sababu huko nje mtamkuta muuzaji wa jenereta inayojiendesha. Atawaambia mota inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, na stima inayobaki inawasha nyumba nzima. Mota hupoteza kawi kwa joto na msuguano, na jenereta vilevile, kwa hiyo hakuna kinachobaki. Mtu akilipia mtambo huo kwa pesa za mavuno ya mahindi, inaniuma kweli, kwa kuwa fundi mmoja tu mwenye msimamo angemwokoa kwa maswali mawili: kawi inaingilia wapi, na inatokea wapi?

Mitambo ya kawi safi haitengenezi kawi. Inanasa kawi ambayo tayari iko safarini, na kila mtego una dari yake, yaani kikomo usichoweza kukivuka. Dari hiyo haikuwekwa na kiwanda wala na serikali.

Tazameni dirishani, upande wa kaskazini. Ile ni Menengai, volkeno yetu. Mahali pengi duniani ukichimba kilomita moja kwenda chini, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi za Selsiasi. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Bonde la Ufa linapanuka, ganda la dunia limekuwa jembamba, na miamba iliyoyeyuka imesogea karibu. Visima vya Menengai vyenye kina cha kilomita mbili hivi vimekuta joto la zaidi ya nyuzi 300.

Mtu atauliza: maji yanakaaje huko bila kuchemka yote yakaisha? Jibu ni shinikizo. Maji huchemka kwa nyuzi 100 tukiwa usawa wa bahari, na hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu, huchemka mapema zaidi, kama nyuzi 94. Ndiyo maana maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Chini ya ardhi ni kinyume. Uzito wa maji yenye kina cha kilomita moja hutoa shinikizo karibu mara 100 ya lile la hewa, na chini ya shinikizo hilo maji hubaki maji hadi yafike nyuzi 310 hivi. Ardhi ni sufuria yenye kifuniko kizito. Ukitoboa kisima umefungua kifuniko: maji yanapanda, shinikizo linashuka, na sehemu yake inageuka mvuke ghafla. Mvuke unatengwa na maji, unapelekwa kwenye tabo, yaani gurudumu la mapanga linalosukumwa na mvuke, na tabo inazungusha sumaku katikati ya koili za waya. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unatiririka, na mpaka leo Olkaria, mitambo yetu ya mvuke karibu na Naivasha, inaishi kwa ugunduzi huo. Ilianza mwaka 1981 na mtambo mmoja wa megawati 15. Sasa jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote vya stima ya Kenya.

Dari ya mtego huu iliandikwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824. Mashine ya joto haiwezi kugeuza joto lote kuwa kazi, na kiasi inachoweza hutegemea tofauti kati ya joto linaloingia na joto linalotoka. Chukua mvuke wa nyuzi 150 unaopoozwa hadi nyuzi 25. Geuza namba hizo ziwe za Kelvin kwa kuongeza 273: 423 na 298. Tofauti yake ni 125; igawe kwa 423. Hata mashine isiyo na dosari yoyote haingevuka asilimia 30, na mitambo halisi huwa chini sana ya hapo. Sehemu kubwa ya kawi ya kisima hurudi hewani kama joto. Mimi naona ni hasara kuliacha lipotee bure wakati linaweza kukausha nafaka na kupasha nyumba za maua. Wenyeji wa Eburru, juu ya Naivasha, walielewa mapema: wanaukamata mvuke unaotoka ardhini, wanaupooza kwenye mabomba, na wanapata maji ya kunywa.

Upepo nitaupitia mbio. Kasi ikiongezeka mara mbili, kawi huongezeka mara nane, ndiyo sababu mahali pa kusimamisha pangaboi ni muhimu kuliko pangaboi lenyewe. Dari yake ni asilimia 59.3, maana ukiunyang'anya upepo mwendo wote, utasimama na kuuziba ule unaofuata. Kule Sondu Miriu, kwenye mitambo ya stima ya maji, hesabu ni rahisi zaidi: tani moja ya maji ikianguka mita 100 kila sekunde ni kilowati 981, kabla hujatoa upotevu. Na maji hayo yakitoka hapo hayaachwi yaende bure, yanazungusha tena mitambo ya Sang'oro kabla ya kuendelea na safari ya Ziwa Victoria.

Sasa sogeeni hapa mlangoni penye jua. Paneli hii ni ndogo, ina seli 36 zilizoungwa kwa mfululizo, na kila seli hutoa kama nusu volti. Seli ni kibamba cha silikoni chenye tabaka mbili, moja imetiwa fosforasi kidogo na nyingine boroni, na zinapokutana panazaliwa uga wa umeme. Mwanga huja kwa vifurushi tunavyoviita fotoni. Fotoni yenye kawi ya kutosha huing'oa elektroni, chembe ndogo inayobeba umeme, mahali pake, na uga ule huisukuma upande mmoja. Fotoni dhaifu hupita bila kufanya lolote, na zenye nguvu kupita kiasi huacha ziada yao kama joto. Basi seli ya kawaida ya silikoni haiwezi kuvuka thuluthi moja hivi ya kawi ya jua. Ya kwanza ya maana, mwaka 1954, ilifikia asilimia 6. Za madukani leo ni kama 20 na kitu.

Tazameni mita. Naweka kiganja juu ya seli moja tu. Mmeona sindano ilivyolala? Haikushuka kwa sehemu moja ya 36, imeanguka karibu na sufuri. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, na seli iliyo gizani inawazuia wenzake wote, tena yenyewe inapata moto. Paneli kubwa zina diodi za kuupitisha mkondo kando, lakini hata hapo unapoteza fungu zima la seli. Kwa hiyo jani la mparachichi au kinyesi cha ndege si jambo dogo. Kabla ya kutoboa mabati ya mtu, kaa uangalie kivuli kinavyotembea.

Jambo jingine: wengi wanadhani joto ndilo linaloleta stima. Hapana, ni mwanga. Kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia paneli kama asilimia 0.4. Ikilala juu ya mabati ikafika nyuzi 65, umepoteza asilimia 16. Acha nafasi hewa ipite chini yake, hasa ukifanya kazi Kisumu, ambako ni joto kuliko hapa. Na uiinamishe kidogo, kama nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi.

Lililobaki ni usiku. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na nchi inataka stima zaidi kati ya saa moja na saa tatu. Kisha watu wanalala, na kisima cha Olkaria hakifungwi na kufunguliwa kama bomba, kwa hiyo kuna usiku mvuke umeachiliwa angani bila kazi. Tungeweza kuutumia kupandisha maji, kisha yashuke yakizungusha mitambo wakati stima inahitajika. Tani moja ukiipandisha mita 100 umeweka akiba ya yuniti (kilowati-saa) 0.27, wakati betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina yuniti 1.2. Ni kidogo kwa tani moja, lakini bwawa ni tani milioni, na kuta za Bonde la Ufa zina kimo cha kutosha.

Naam, dada pale nyuma. Mkono wako umekuwa juu tangu nilipotaja Sondu. Uliza.