Boksi Moja kwa Kichwa

SALAMA: Hamjambo nyote, karibuni tena. Wanaotufuata wanajua Masanja hukaa hapa na kikombe chake mpaka chai ipoe. Leo kakinywa kwa mkupuo mmoja. Una nini, kaka?

MASANJA: Sijalala, dada. Nimemaliza lindo saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili niko kwenye foleni nje ya duka la bunduki. Baridi ya Kansas City hapa Marekani, mwezi huu wa pili wa 2021, mnaijua. Duka lenyewe linafunguliwa saa tatu.

SALAMA: Waeleze foleni ya nini.

MASANJA: Ya risasi. Kila mwaka sisi walinzi tunaobeba silaha tunapimwa shabaha upya. Ukishindwa, unarudi kulinda geti mikono mitupu, na mshahara unashuka. Zamani uwanja wa shabaha ulikuwa unatupa risasi za mtihani. Mwaka huu wametuandikia: kila mtu aje na hamsini zake. Jumatatu nikazunguka maduka manne. Rafu tupu, umebaki vumbi na karatasi ya bei. Jana nikaambiwa mzigo unakuja leo, boksi moja la hamsini kwa kichwa. Nikajihesabu, mimi ni wa kumi na nne. Mzigo ulikuwa boksi ishirini.

SALAMA: Basi si ulipata?

MASANJA: Wa mbele yangu mmoja kaja na mke, wanawe wawili wakubwa na shemeji. Vichwa vitano hivyo, boksi tano. Wengine nao vivyo hivyo. Zikaishia kwa wa kumi na mbili. Nikaenda kupata duka jingine mchana, dola 48. Boksi lile lile miaka miwili nyuma nilinunua kwa 11.

SALAMA: Leo tuliahidi mambo matatu kwa wasikilizaji wetu walionunua bunduki mwaka jana: pa kuiweka nyumbani penye watoto, pa kujifunzia, na sheria ukivuka jimbo. Lakini kwanza hili la uhaba, maana watu wanauliza. Kiwanda cha Lake City kiko hapo Independence, jirani kabisa. Kilianza kutoa risasi 1941. Vipi sisi tukose?

MASANJA: Kile kinatengenezea jeshi, risasi za bunduki ndefu zaidi. Kampuni ya Winchester wamekabidhiwa kukiendesha tangu Oktoba. Hizi za bastola, milimita tisa, ambazo mimi nabeba na polisi wengi wanabeba, zinatoka kwingine. Sasa nikuonyeshe kitu. Hii hapa, nimeifungua boksi. Ishike.

SALAMA: Nzito kuliko unavyoidhania.

MASANJA: Igeuze, utazame kitako. Unaona kile kiduara katikati, kama kitufe kidogo cha shati? Hiyo ndiyo fataki. Sisi tunasema "risasi zimeisha", na kwa Kiswahili risasi ni hiyo ncha, na ni jina la madini yenyewe. Madini hayajaisha. Ganda la shaba unaweza kuliokota ukalijaza tena. Baruti unaweza kuinunua kwa kopo. Lakini bila fataki, ganda na baruti na risasi ni vitu vitatu vimekaa pamoja tu. Na kwa Marekani nzima watengenezaji wakubwa wa fataki ni wanne: Federal kule Anoka, Minnesota, CCI kule Lewiston, Idaho, Winchester, na Remington wa Lonoke, Arkansas. Remington wakafilisika Julai mwaka jana, kiwanda kikanunuliwa Oktoba na kampuni ile ile yenye Federal na CCI.

SALAMA: Samahani, nimecheka. Nilipokuwa Dar, fataki alikuwa yule mzee wa kwenye redio anayewatongoza wasichana wa shule. Na kwetu Mombasa fataki ni za Idi, watoto wanalipua uchochoroni mpaka bibi anatoka na ufagio.

MASANJA: Kwetu Tabora fataki ni za babu. Babu alikuwa na gobore, ile ya kushindilia. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia kitambaa, unatia goroli, unashindilia tena. Halafu mwisho kabisa, ukishamwona mnyama, ndiyo unaweka fataki chini ya nyundo. Alizitunza kwenye kikopo cha dawa ya viatu, kafunga na mpira wa baiskeli, kakiweka darini juu ya moshi zisipate unyevu. Kila jioni anakifungua anahesabu kwa ukucha. Baruti watu walijua kuipata. Goroli ilikuwa nondo iliyokatwa. Fataki ilibidi isubiri mtu atoke mjini.

SALAMA: Kwa hiyo hata yeye aliishi na uhaba.

MASANJA: Maisha yake yote. Na hakupiga ovyo. Ngiri akiwa mbali, anarudi nyumbani. Tunakula mlenda.

SALAMA: Sasa subiri, maana hapo ndipo ninapotaka tufike. Babu yako alikuwa anaweka. Wewe juzi umenipigia simu ukataka boksi moja katika sita zangu, nikakataa, ukanuna.

MASANJA: Sikununa. Niliumia.

SALAMA: Waambie basi na mimi niseme yangu. Mimi na mume wangu tuna duka linalofungwa saa sita usiku. Tangu kiangazi cha mwaka jana tumevunjiwa kioo mara mbili. Juni tukanunua bastola ya kwanza maishani mwetu. Tangu hapo kila nikikuta boksi nanunua moja. Moja! Hiyo ni akiba. Hata mchele ninanunua hivyo.

MASANJA: Tangu Juni umepiga risasi ngapi uwanjani?

SALAMA: Hamsini. Siku ile ya mafunzo.

MASANJA: Na mia tatu ziko kabatini. Dada, mkufunzi wangu ni askari mstaafu wa mji mdogo. Ananiambia kikosi chake cha zamani walikuwa wanapiga kila mwezi. Sasa oda yao imekaa miezi, wanafanya mazoezi ya kufyatua bastola tupu ukutani. Huyo ndiye atakayekuja dukani kwako ukipiga 911. Unataka aje hajagusa risasi tangu kiangazi?

SALAMA: Na kabla hajafika? Dakika hizo ni za nani? Mwaka jana FBI ilipokea maombi milioni 39.7 ya ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, mwaka wa kabla yake milioni 28.4. Si yote ni bunduki mpya, najua, mengine ni vibali. Lakini wengi wao ni watu kama mimi, wameogopa. Unatuita walanguzi?

MASANJA: Sijasema mlanguzi. Mlanguzi anauza. Nasema umeficha.

SALAMA: Kuficha! Wewe umekulia nchi ambayo mwaka 1983 watu walitupa sabuni na sukari mitoni usiku wakiogopa kukamatwa wahujumu uchumi. Mama mwenye kilo tano za sukari naye aliogopa. Hilo neno usilirushe hivi hivi.

MASANJA: Ndiyo, na mama yangu alipanga foleni duka la kaya kwa sababu kuna waliokuwa na magunia. Yote mawili ni kweli. Ila anayebeba silaha mbele za watu kwa kazi, polisi au mlinzi, apewe kwanza. Hapo sirudi nyuma.

SALAMA: Na mimi sirudi. Mwaka 2013 walisema serikali ndiyo imenunua zote. Wakaguzi wa Bunge wakachunguza, wakakuta manunuzi ya Wizara ya Usalama wa Ndani yalikuwa yanashuka tangu 2009. Kila uhaba lazima apatikane wa kulaumiwa. Safari hii ni mimi na kabati langu.

MASANJA: Sikulaumu kwa nchi nzima. Nakulaumu kwa boksi moja.

SALAMA: (kimya) ... Babu alibakiza fataki ngapi alipofariki?

MASANJA: Kumi na moja. Tulizihesabu siku ya kuanua matanga.

SALAMA: Unaona? Aliweka mpaka mwisho.

MASANJA: Zilikuwa zimeota kijani zote. Baba alijaribu tatu, hata moja haikulia.

SALAMA: Zangu ziko pakavu.

MASANJA: Za babu pia zilikuwa pakavu.

SALAMA: Wenye chumba wanagonga mlango. Yale mambo matatu hatukuyagusa hata moja, mtuwie radhi. La watoto na kabati tutaanza nalo juma lijalo, hilo halingoji. Mtihani wako lini?

MASANJA: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Hamsini kamili. Hiyo moja uliyoishika nirudishie.

SALAMA: Hii hapa.