Busta isilaumiwe kabla ya vali

Hamjambo mafundi, hamjambo madereva. Leo tunashughulika na kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani: vali ya njia moja ya busta ya breki, ile ambayo gereji nyingi huiita nonritani. Malori ya breki za upepo tuyaweke kando, hayo yana mambo yao.

Busta hukusaidia kukanyaga breki kwa nguvu kidogo, kwa sababu upande mmoja wa kiwambo chake, ile ngozi ya mpira ya ndani, hewa imefyonzwa, na upande wa pili hewa ya nje huingia ukikanyaga pedali. Kwenye injini ya petroli anayefyonza ni manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Vali huachia hewa itoke kwenye busta kwenda injini, kisha huifungia njia ya kurudi. Kazi yake ni hiyo tu.

Sasa chukua gari linalopanda kutoka hapa Nakuru kwenda Mau Summit. Dereva amekanyaga mafuta hadi chini, throtoli (kilango cha hewa ya injini) imefunguka yote, na vakyumu, yaani ule mfyonzo, ndani ya manifoldi imekaribia sifuri. Vali isiyo na kasoro hufunga, busta ikabaki na akiba yake. Vali mbovu huivujisha akiba hiyo njiani. Kule juu lori likisimama ghafla mbele yako, kanyago la kwanza ni gumu kama jiwe. Ukiondoa mguu kwenye mafuta throtoli hufunga na vakyumu hurudi mara moja, ndiyo maana gari likiletwa gereji linasimama vizuri na fundi anasema halina shida. Dereva hakudanganya.

Kuipata si kazi. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, tazama ukuta wa nyuma ya injini, upande wa dereva: lile duara kubwa jeusi nyuma ya masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki) ndilo busta. Fuata mpira mnene unaotoka hapo. Vali ama imechomekwa kwenye busta kupitia grometi, yaani pete ya mpira, ama imekaa katikati ya mpira. Toyota nyingi huificha ndani ya mpira wenyewe. Unachoona ni mshale tu. Mshale uelekee injini. Ukiigeuza, busta haipati vakyumu hata kidogo, na utamaliza siku nzima ukitoa upepo kwenye breki bila faida.

Kabla ya kushika spana, tumia mguu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa: ikizama kidogo, vakyumu inafika. Acha injini ingurume dakika mbili, zima, ngoja kidogo, halafu kanyaga polepole mara tatu. La kwanza liende chini, la pili na la tatu yapande kidogo kidogo. Kama la kwanza tayari ni gumu, akiba haikukaa.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kumuuzia mteja busta. Tulia. Washa tena, zima, kisha ichomoe vali kwenye grometi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, akiba ilikuwepo. Kimya maana yake vali, grometi, mpira au busta, mojawapo inavuja. Pima vali peke yake: puliza upande wa busta, hewa ipite, puliza upande wa injini, isipite hata chembe. Ifute kwanza, ina mvuke wa petroli. Mwenye pampu ya mkono ya kufyonza aifunge upande wa busta, avute hadi inchi 15 za zebaki (kipimo cha vakyumu), na sindano ikae dakika nzima. Vali ikifaulu, kagua mpira na grometi kwa nyufa. Injini ikibadilisha mlio kila ukikanyaga breki na kuna mzomeo chini ya dashibodi, hapo sasa shuku kiwambo cha busta.

Mnaotumia geji ya kupima vakyumu, angalizo. Vitabu vingi hutoa inchi 17 hadi 21 kwenye manifoldi injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja. Nakuru tuko karibu mita 1,850, kwa hiyo inchi 11 hadi 15 si ugonjwa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ongeza inchi mbili. Kwa sababu hiyo hiyo akiba yetu ya breki huku juu ni ndogo kuliko ya Mombasa, na anayezima injini mteremkoni kuokoa mafuta anabakiwa na makanyago mawili au matatu tu.

Kwa dizeli, manifoldi haifyonzi vya kutosha. Kuna pampu, na kwenye Hiace nyingi iko nyuma ya altaneta, ikilainishwa na oili ya injini. Ukikuta oili ndani ya mpira wa busta, kagua vali na pampu pamoja, kwani oili huharibu kiwambo.

Mpira mpya uwe wa vakyumu ya breki. Wa maji ya rejeta hunywea ukifyonzwa. Grometi ilowesheni maji, msiipake grisi, itavimba. Sasa sogeeni, tufungue boneti ya hii Probox, mmoja akae kwenye pedali.