Gesi Haijaisha, Friza Imekosa Hewa
Mhadhara kwa wenye maduka na mafundi friji, Temeke, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, habari zenu. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie teknolojia mpya za kupoza kwa umeme kidogo. Nitazifikia muda ukiniruhusu. Ila wanaonijua wanajua naanzia wapi, na nimeshawaona pale nyuma wanacheka.

Kondensa.

Ule wavu mweusi wa mabomba mgongoni mwa friji. Au yale mapezi membamba yenye feni, yaliyofichwa chini ya friji la vioo la soda. Kwenye friza nyingi za kulala huioni kabisa, imebandikwa kwa ndani ya bati la ubavuni, ndiyo maana ukiweka mkono unasikia moto. Mtu anasikia moto ule, anaogopa kidogo, halafu anaegemeza gunia la sembe palepale. Juu anatandika kitambaa cha plastiki chenye maua, kinaning'inia mpaka chini. Friza imependeza. Imevishwa koti Dar es Salaam mwezi wa pili.

Kuna bucha moja, sitalitaja, mwenyewe anaweza kuwa humu ndani. Aliniita kwa sababu friji lake la vioo halizimi. Linaunguruma asubuhi, linaunguruma usiku, na nyama ya juu inaanza kubadilika rangi. Fundi wa kwanza alikuja akaongeza gesi. Likapoza kidogo. Fundi wa pili akaja na geji yake, akatikisa kichwa, akaongeza gesi. Wa tatu akamwambia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa, anunue nyingine. Wote watatu wamelipwa, na risiti za umeme wa LUKU zinazidi kujaa kwenye droo.

Mimi nikaomba bisibisi, mswaki wa zamani na sabuni ya unga. Bwana yule akaniangalia kama nimekuja kumfulia. Nikafungua skrubu nne za lile bati la chini. Mapezi hayaonekani! Bucha mnalijua: mafuta hewani, unga wa mifupa kutoka kwenye msumeno, vumbi la barabarani, na feni inavuta vyote kwa chini kutwa nzima. Vimegandamana vikawa kitu kimoja cha kijivu, unakikwangua kwa kucha. Katikati yake imenasa risiti ya LUKU. Nikamkabidhi, nikamwambia hii nayo ongeza kwenye droo.

Tukazima, tukasugua kwa kufuata mapezi yalivyosimama, maana ukisugua kwa kukata yanalala na hewa haipiti tena. Tukasuuza, tukaacha pakauke. Kisha gesi waliyoizidisha wenzangu tukaitoa kwa mashine ya kuirudisha kwenye mtungi. Hatukuipuliza hewani, nitasema kwa nini nikipata nafasi. Tukapima kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha maelezo cha friji, tukawasha. Kompresa ikaanza kuzima yenyewe, kitu ambacho kijana wa bucha alidhani ni hitilafu. Akanikimbilia: "Mzee, limekata!" Nikamwambia limepumzika. Hajawahi kuliona likipumzika tangu aajiriwe.

Sasa kwa nini. Friji haitengenezi baridi, inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Kulitupa nako kunataka kondensa iwe ya moto kuliko hewa ya chumbani, vinginevyo joto haliondoki. Ukiiziba, inabidi iwe ya moto zaidi ili joto lilelile litoke, na kompresa ndiyo inayosukuma gesi mpaka ifike kwenye presha ya moto huo. Ni kama kupandisha ndoo za maji ghorofani: maji ni yaleyale, ila umeongezewa ghorofa.

Hesabu yake fupi. Ndani ya friza mabomba yako nyuzi 20 chini ya sifuri. Kondensa safi tuseme iko nyuzi 45. Kupanda ni nyuzi 65. Kondensa iliyozibwa iko nyuzi 60, kupanda kumekuwa 80. Hata ungekuwa na mashine kamilifu ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza, ingetaka umeme zaidi kwa asilimia 23 kubeba joto lilelile. Mashine zetu si kamilifu, zinataka zaidi ya hapo. Na kabla hujaongeza soda hata moja.

Najua kuna mtu anasema moyoni, asilimia 23 ya kitu gani, friji langu dogo. Haya, tuhesabu la nyumbani. Kompresa ya wati 150 isiyozima inakula uniti 3.6 kwa siku. Mwezi wa siku 30, uniti 108. Kompresa hiyohiyo ikipata kupumzika nusu ya muda, uniti 54. Mwenye matumizi madogo nyumbani anajua mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukiwa chini yake, elfu kumi inakupa uniti themanini na ushee. Ukiwa upande wa pili, elfu kumi ni uniti 28, wenye maduka mnaijua hiyo namba kuliko tarehe zenu za kuzaliwa. Angalieni 75 imekaa wapi: katikati ya 54 na 108. Friji moja, kwa kusogezwa mbali na ukuta kiganja kimoja na kufutwa vumbi, ndiyo inayoamua uko kundi gani. Halafu mtu anagombana na watoto kwa sababu ya taa ya chooni.

Wa pili anasema: "Lakini gesi huwa inaisha." Haiishi! Gesi ya friji si petroli. Imefungiwa mle ndani, inazunguka, mara mvuke, mara kimiminika, miaka na miaka. Ikipungua imevuja, na kama imevuja kuna tundu, na kama fundi ameongeza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache. Mafundi, msinikunjie uso. Mteja akisema haipozi, gesi iwe ya mwisho kuishuku. Shika kondensa kwanza. Angalia feni inazunguka. Angalia barafu ndani, maana ukuta wa barafu nao unazuia baridi isifike kwenye bidhaa. Angalia mpira wa mlango: bana noti ya elfu mbili, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa, mlango hauzibi. Hayo yote hayahitaji mtungi, na ndiyo maana hayafanywi, kwa sababu mteja anaona aibu kumlipa mtu aliyeshika mswaki. Wenye maduka, mlipeni mtu wa mswaki. Tafadhali.

Na kuzidisha gesi ni kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Gesi ya ziada ikigeuka kimiminika inajaa kwenye mabomba ya kondensa, sehemu ya kutolea joto inapungua, presha inapanda. Kwa hiyo fundi anayetibu kondensa chafu kwa gesi anaiziba kwa ndani ilivyozibwa kwa nje. Friji mpya za gesi aina ya R600a zinabeba gesi kidogo sana, gramu 50 au 60. Huwezi kuijaza kwa kusikiliza mlio na kupapasa bomba. Nunua mizani. Na R600a inawaka, ni jamaa wa gesi ya kupikia, kwa hiyo usifungue bomba kwa moto wakati imo ndani. Hili sisemi kwa utani.

Wa tatu, huyu ana pesa: "Mimi nitanunua friji la inverter." Nunua. Ni kitu kizuri kweli. Kompresa ya kawaida inajua kuwaka na kuzima tu. Inverter inapunguza mwendo, inakwenda polepole, na kwa mwendo mdogo kondensa ileile inatosha vizuri zaidi. Lakini ukiibana ukutani na kuivisha kitambaa cha maua haipati nafasi ya kupunguza mwendo, inakimbia kutwa kama ile uliyoiuza. Umelipa bei ya inverter, unatumia ya kawaida.

Wa nne ni wa mtumba, na hapa nitasema kwa haraka, naona mwenyekiti ameanza kuangalia saa. Kabla hujatoa hela, geuza friji usome kibao. Tafuta herufi: SN, N, ST au T. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST mpaka 38. T mpaka 43. Ulaya N inawatosha. Wewe unaiweka jikoni, pembeni ya jiko la mkaa, mwezi wa kwanza, halafu unamlaumu fundi. Ghana walishasimamisha kuingiza friji zilizotumika tangu 2013. Wenzetu Kenya friji mpya inauzwa na lebo ya nyota, unahesabu nyota dukani kabla ya bei. Sisi tunahesabu mikwaruzo.

Kiyoyozi: nyuzi 25 zinatosha, ukiweka 16 chumba hakipoi haraka zaidi, mashine inachelewa kuzima tu. Na kile kisanduku chake cha nje kisichomwe jua wala kuwekewa maboksi mbele. Ni kondensa nayo, sirudii.

Gesi ya kutopuliza hewani, niliahidi. R134a, gesi nyingine ya friji, gramu 150 tu zikivuja, zinaongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 200 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 nchi za dunia zilikaa Kigali, hapo jirani, zikakubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo, na makubaliano yakaanza kutumika Januari 2019. Kwa hiyo mtungi wa kurudishia gesi si urembo. Nilitaka pia kusema juu ya viwanda vya barafu na amonia, lakini hiyo ni siku nyingine, na mwenyekiti sasa amesimama.

Swali moja? Ndiyo, mama. Kama stebilaiza inapunguza umeme. Hapana mama, inailinda kompresa umeme ukiyumba, hasa ukikatika na kurudi ghafla. Iweke. Lakini uniti hazipungui kwa stebilaiza. Friza yako iko wapi? Kati ya kabati na ukuta. Na juu yake? ... Kitambaa. Cha maua? Haya. Mafundi wenye mizani baki hapa, kuna friji ya R600a pale mlangoni, tutaipima pamoja.